Taa iliyo juu ya kabati

Fundi wa vioo alikuja Jumamosi asubuhi kupima mahali pa tangi langu jipya la samaki na matumbawe. Hakutoa tepu. Aliomba kikombe cha maji. Nilidhani ana kiu, nikamletea ya baridi. Akakiweka sakafuni katikati ya sebule yetu ya juu, akachutama mbele yake, akaniambia, "Dada, tembea mpaka dirishani urudi. Mwendo wako wa kila siku."

Nikatembea.

Maji yakatetemeka. Si sana. Viduara vyembamba vilitoka katikati, vikagonga ukingo, vikarudi. Fundi akasubiri mpaka yakatulia, kisha akamwita mpwa wangu wa miaka saba apite mbio. Safari hii tone moja liliruka nje.

"Tangi la ukubwa gani ulisema?"

"Urefu mita moja na nusu," nikajibu, sauti imeshapungua. "Upana sitini, kimo sitini."

"Na hapa chini ni boriti?"

"Ni boriti."

Akanywa yale maji, akashukuru, akaondoka bila kupima chochote.

Wiki sita zimepita. Taa niliyoinunua Januari kwa ajili ya tangi hilo bado iko juu ya kabati, ndani ya boksi lake, na kila ninapoingia kulala naiona.

## Kwa nini nilianza na taa

Nina tangi la lita 105, miaka minne sasa. Lina samaki wawili, matumbawe laini, tumbawe moja la aina ya Euphyllia ambalo limegawanyika vichwa vitano, na kipande cha jingine, Montipora, kilichoanza kama ukucha na sasa kinagusa kioo. Nafasi imekwisha. Aliyefuga anaijua hali hii: kila wiki unasogeza tumbawe lisichomwe na mwenzake.

Kwa hiyo nilitaka kubwa. Nilitaka matumbawe ya matawi, yale yanayokula mwanga. Na kila orodha ya vifaa niliyosoma ilianza na taa, ikafuata hita, kisha mengine. Zimeandikwa na watu wa nchi za baridi, na kwao ni sahihi. Mimi nilizisoma kana kwamba zinasema na mtu wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa.

Hita niliiruka. Taa nikainunua.

## Kilo mia nane

Siku ile alipoondoka fundi nilikaa na karatasi. Sentimita 150 mara 60 mara 60 ni lita 540. Hata ukiacha pengo la juu, maji ya chumvi peke yake yanapita kilo 500. Kioo cha milimita 12 kina kilo 30 kwa kila mita ya mraba, na tangi hilo linakula mita za mraba 3.4, basi kilo mia na ushee. Weka mawe, mchanga, meza, tangi la chini la lita mia, lile linalopokea maji ya tangi kubwa kabla pampu haijayarudisha juu. Nilipofika kilo 800 niliweka kalamu. Ni watu wazima kumi na mmoja waliosimama bega kwa bega mahali pasipofika mita moja ya mraba, usiku na mchana, kwa miaka.

Nyumba yetu ni ya mawe na chokaa, na sakafu ya juu imebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba: upana hauwezi kupita pale boriti inapoweza kufika, mita 2.5, labda 3. Boriti hizi zimebeba harusi na matanga ya vizazi. Lakini watu wa harusi huondoka. Tangi haliondoki. Na ncha za boriti zimezama ukutani, ambako unyevu na mchwa huanzia kazi yao bila mtu kuona.

Nyuma ya tangi langu la sasa chokaa imebanduka, mahali pa ukubwa wa sahani. Ukiinamisha kichwa unaliona jiwe lenyewe: vijinyota vidogo vilivyopangana, kila kimoja na miale yake. Ni tumbawe. Ukuta mzima ni matumbawe, kama zilivyo kuta za mtaa mzima. Sentimita kumi mbele yake, upande wa pili wa kioo, tumbawe hai limefungua vidole. Nimekaa usiku mwingi nikiyatazama yote mawili kwa pamoja.

Ilinichukua wiki mbili kukubali kwamba tangi litakaa chini.

Haikuwa rahisi. Nililitaka sebuleni, penye upepo wa bahari, mgeni akipanda ngazi akutane nalo. Chumba cha chini ni kile tulichokuwa tukiweka magunia na baiskeli, kina dirisha moja linaloangalia ua. Lakini sakafu yake imelala juu ya mwamba, na ua uko hatua tatu tu. Hatua hizo tatu zilikuja kuwa na maana ambayo sikuiona siku ile.

## Tundu la milimita 3

Mama alikuwa na sababu yake ya kulitaka tangi chini tangu mwaka jana.

Stima ilipotea saa nane za usiku. Pampu ikasimama. Bomba la kurudisha maji lilikuwa limezama sentimita tano, na lile tundu nililolitoboa ili livute hewa na kukata mvuto lilikuwa limeziba. Konokono mmoja, si mkubwa kuliko punje ya dengu. Maji yakarudi kinyumenyume mpaka mdomo wa bomba ulipotoka juu ya maji: lita 13. Tangi la chini lilikuwa na nafasi ya lita 8. Zilizobaki zikapenya sakafu, zikapita baina ya boriti, zikamdondokea Mama akiwa juu ya msala, ameamka kuswali tahajudi.

Hakunigombeza. Alipanda na taa ya simu, akanionyesha msala uliolowa, akasema, "Haya ni maji ya chumvi, mwanangu."

Yalikuwa yamemwingia mdomoni.

Nililisafisha bomba asubuhi, nikadhani nimemaliza. Sasa, nilipoanza kupanga kwa karatasi, nikaona kwamba tangi jipya lingelifanya jambo lile lile kwa ukubwa mwingine. Nimelipunguza likawa 120 kwa 60 kwa 45. Hata hilo dogo, kila sentimita moja ya maji inayorudi chini ni lita 7.2. Kwa hiyo bomba litazama sentimita mbili tu, matundu yatakuwa mawili, na tangi la chini litaachwa na lita 40 tupu wakati wote. Kila Ijumaa nitaizima pampu kwa mkono wangu nitazame maji yanaishia wapi.

Kimo cha 45 nimekichagua kwa sababu nyingine pia. Mkono wangu haufiki sentimita 60 chini bila bega kuingia majini, na tangi usilolifikia chini yake hulisafishi. Mwanga nao hufika chini bila kulazimishwa.

## Machi

Hapa ndipo kilipo kiini cha mambo yote.

Machi, wakati wa tangambili, kaskazi imekufa na kusi haijaingia. Hewa husimama barabarani kama imefungiwa. Mwaka huu maji ya tangi langu yalifika digrii 31.4. Montipora ilianza kufifia kutoka ncha zake, kahawia ikawa ya mchanga, mchanga ukawa karatasi. Nilifanya alichofanya kila mtu aliyesoma kwamba matumbawe yanaishi kwa mwanga: nilidhani limedhoofika, nikaongeza mwanga.

Likazidi kupauka.

Ami yangu alivua samaki nje ya Nyali kwa miaka mingi. Alikuja kunisalimu wiki ile, akasimama mbele ya tangi bila kusema neno, mikono nyuma. Kisha akanisimulia mwaka 1998, mwaka wa El Nino, alivyozama na miwani akaona mwamba mweupe mpaka macho yanapokomea. "Ulikuwa kama umepakwa chokaa," akasema. "Na jua lilikuwa lile lile."

Jua lilikuwa lile lile.

Nilikaa na maneno hayo siku kadhaa kabla sijayaelewa. Mwaka ule mwanga haukupungua wala kuzidi. Kilichopanda ni joto la maji. Vijimwani vinavyoishi ndani ya tumbawe vikipata joto kupita kiasi, mtambo wao wa kutumia mwanga huharibika, na mwanga ule ule uliokuwa chakula huanza kutoa sumu ndani ya mwili wa tumbawe. Nalo huvifukuza. Ndiyo maana kwenye joto kali sehemu yenye kivuli hupona kuliko iliyo wazi. Na mimi, kwenye digrii 31.4, nilikuwa nimemwongezea mgonjwa kile kile kilichokuwa kikimuua.

Nilipunguza taa hadi asilimia 25 siku ile ile. Nikaweka feni mbili juu ya maji. Feni hizo Julai, kusi ikivuma, hushusha digrii mbili bila taabu. Machi, hewa ikiwa imeshiba unyevu, hazikunipa hata moja. Kilichoiokoa nusu ya Montipora ni chupa za maji yaliyoganda, moja asubuhi, moja adhuhuri, moja alasiri, wiki tatu mfululizo. Nusu nyingine ni kijiwe cheupe. Nimekiacha humo humo.

Tangu hapo siwezi kulitazama lile boksi juu ya kabati kwa jicho la zamani. Nilikuwa nimenunua kitu cha mwisho kwanza. Katika mji huu mwanga haujawahi kuwa shida. Tuko digrii nne kusini ya ikweta. Kinachohitaji kupangwa ni namna ya kuliondoa joto, ili mwanga uweze kuingia salama.

## Wati zote huishia majini

Kwa hiyo orodha yangu mpya inaanzia kwenye joto. Pampu ya kurudisha wati 40, mbili za mawimbi wati 15 kila moja, skima, kile kifaa cha kutoa uchafu wa maji kwa povu, wati 20. Jumla 90. Karibu zote hugeuka joto ndani ya maji, sawa na kuacha hita ya wati 90 ikiwaka mchana kutwa na usiku kucha. Nimeacha mpango wa pampu ya tatu ya mawimbi kwa sababu hiyo.

Halafu chila, mashine ya kupoza maji. Nilichelewa kuielewa chila: hailipotezi joto, inalihamisha tu. Ukiiweka chumba kimoja na tangi unapasha hewa inayopasha maji. Hatua tatu za kufika uani, zile nilizozinung'unikia, ndizo zitakazoniruhusu kupitisha mabomba ukutani na kuiacha ipumulie nje, chini ya kibanda cha mabati. Nitaiweka digrii 27. Vitabu vingi vinasema 25, lakini maji ya bahari hii huvuka 27 miezi mingi ya mwaka, na kila digrii ninayoidai zaidi ni tokeni za stima.

Nimeipigia hesabu hiyo pia. Pampu yuniti 2 na kitu kwa siku, taa kama 1, chila 2 wakati wa joto. Yuniti 5 kwa siku, 150 kwa mwezi. Bei ya yuniti hupanda na kushuka kila mwezi, kwa hiyo naweka hesabu kwa yuniti.

Na stima ikipotea? Giza si hatari. Matumbawe hulivumilia siku mbili tatu. Kinachotangulia ni pumzi, na maji ya moto hushika hewa kidogo kuliko ya baridi, basi Mombasa muda wetu ni mfupi. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Usiimalize zaidi ya nusu kama unataka idumu. Pampu mbili za mawimbi zinakula wati 30. Ni saa 20 kwenye karatasi, mimi nahesabu 15. Betri hii imepanda juu ya taa kwenye orodha. Imepanda juu ya skima.

## Viboksi thelathini na viwili

Lakini taa nilikuwa nayo, na nilitaka kujua nimenunua nini.

Rafiki wa Nyali aliniazima mita ya PAR, inayopima mwanga ambao vijimwani huweza kuutumia. Usiku mmoja tulihamisha baiskeli, nikachora tangi kwenye sakafu ya chumba cha chini kwa utepe wa karatasi, 120 kwa 60, nikaligawa viboksi vya sentimita 15: vinane kwa vinne, thelathini na viwili. Taa nikaining'iniza kwenye boriti, sentimita 65 juu ya sakafu, yaani kimo cha maji na sentimita 20 za hewa. Tukazima taa za chumba. Mpwa wangu akapiga magoti na kihisio cha mita mkononi, uso wake wa buluu, akahama kiboksi kwa kiboksi akinisomea namba nami nikiandika.

Hewani vipimo haviwi sawa na majini. Nilichotaka ni umbo la mwanga.

Katikati: 520. Kona ya kwanza: 38. Ya pili: 41.

Mtoto akauliza kwa nini kona hazipati. Sikuwa na jibu la kumpa. Matumbawe ya matawi niliyoyaota yanataka 200 mpaka 350, laini yanatosheka na 50 mpaka 100. Taa moja kubwa ilinipa adhuhuri katikati na magharibi pembeni, na tangi zima halina asubuhi. Tuliipandisha sentimita 20 zaidi. Katikati ikashuka mpaka 300, kona zikapanda kufika 50. Afadhali. Lakini tumbawe lenye matawi mwanga ukilijia kutoka sehemu moja tu, upande wake wa chini hubaki gizani na hufa, na hilo hakuna urefu wa kamba unaoliponya.

Zinahitajika taa mbili, zote kwa asilimia 50 au 60, zipishane katikati. Mirija ya T5, zile taa nyembamba za fluoresenti, ingetandaza mwanga vizuri zaidi, naipenda bado, ila ina joto, na mirija ikichoka hapa unaagiza na kungoja. Ya pili itanunuliwa baada ya chila na betri. Na siku zitakapowaka nitaanza asilimia 30, niongeze 5 kila wiki. Nimekwisha kuona haraka inafanya nini.

## Mitungi kumi na mitatu

Kuna jambo moja ambalo karatasi haikulimaliza.

Maji ya kisima chetu ni ya chumvichumvi, yanaua mapema chujio la RO, lile linalotoa chumvi kwenye maji, kwa hiyo ninayoyachuja ni ya mkokoteni. Kubadilisha lita 30 kwa wiki, kujazia lita 5 kwa siku zinazopotea hewani kwa feni: lita 65. Chujio langu linamwaga lita tatu kwa kila moja linayonipa. Ni lita 260 kwa wiki. Mitungi 13 ya lita 20, kwenye mtaa ambao kuna nyumba zinaishi kwa mitungi mitatu kwa siku na watoto ndani.

Nililala na hesabu hiyo vibaya.

Chila ikichukua nafasi ya feni, maji yanayopotea hewani yatashuka, labda lita 2 kwa siku, na mitungi irudi 9. Maji yanayomwagwa na chujio ni masafi, yatafua, yatapiga deki, na jirani wa nyuma ameniomba awekewe ndoo zake mlangoni. Imepungua, haijaisha. Bado najiuliza, na sitaki kuandika hapa kwamba nimeshapata jibu.

Watu huniuliza pia kwa nini nisiende na ndoo tu, bahari hiyo hapo. Sitachukua hata kipande. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa ipo tangu 1986, matumbawe ya mawe yako kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na vipande vyangu vyote vilikatwa kutoka vilivyofugwa, vina karatasi zake. Lakini hata sheria isingekuwepo, Ami aliniambia alichokiona 1998. Kilichobaki kule nje kibaki.

## Jumamosi iliyopita

Fundi alirudi. Nilimwonyesha chumba cha chini, utepe bado uko sakafuni. Aliomba tena kikombe cha maji, na mpwa wangu hakungoja kuambiwa, akakimbia mara tatu. Fundi akatazama maji, akatoa tepu.

Tumekubaliana kioo cha milimita 12, matundu mawili upande wa nyuma, silikoni ikauke wiki nzima kabla ya tone kuingia. Agosti likijaliwa litajazwa. Mawe kwanza, kisha kungoja, kisha samaki wangu wawili na matumbawe laini yahamie upande wa kushoto chini ya taa yao ya zamani. Upande wa kulia utabaki mawe na kivuli. Hakuna tumbawe la matawi litakaloingia mpaka chumba hicho kipite Machi moja kamili na kipimajoto kisome chini ya digrii 28.

Jana nilishusha boksi kutoka juu ya kabati. Nilifuta vumbi, nikaangalia kama nyaya hazijashika unyevu, nikabadilisha kipakiti cha kukausha. Kisha nikalirudisha juu.

Agosti mpaka Machi ni miezi saba.